Migongo Miwili ya Kisiba

Harusi ya Gwakisa na Eliza iligharimu mkanda mmoja wa picha nyeusi na nyeupe, kiatu kimoja cheupe cha kushoto, koti la watu lililochanika kwapani, na jogoo wawili, mmoja wa mwinjilisti na mwingine wa kunyamazisha. Nimehesabu mara mbili. Nauli sijaiweka kwa sababu tulitembea. Woga nao sijauweka, maana hauna bei sokoni Tukuyu: kila mtu anao wa kwake na hakuna anayenunua wa mwenzake.

Nawaandikia nyinyi mliobaki kwenye kazi hii ya kupiga picha, mnaopiga harusi moja picha elfu na kufuta mia tisa. Mimi nimefunga studio. Macho yamesema basi, na mwenye nyumba naye alikuwa na lake la kusema. Vyeti na sifa siwasimulii, havijawahi kumsaidia mtu kushika kamera kwenye ukungu. Nitawaambia nilivyoanza, halafu niwaambie kazi moja iliyonitoa jasho, kwa sababu kazi hiyo imenirudia wiki hii na nimeshindwa kuimaliza peke yangu.

Nilifundishwa na Fundi Lwitiko, mtu mfupi aliyevaa tai hata siku za mvua, na Tukuyu hiyo ndiyo kusema kila siku. Siku ya kwanza hakunipa kamera. Alinipa ufagio, kisha akanisimamisha mbele ya pazia la studio nizoee kukaa pozi, akisema asiyejua uchungu wa kusimamishwa hataweza kumsimamisha mtu. Pazia lenyewe lilichorwa ziwa, minazi mitatu na ndege ya abiria. Mtu alikuwa anatoka Masoko, ziwa liko nyuma ya migomba yake, anatembea asubuhi nzima kuja kupigwa picha mbele ya ziwa la rangi ya mafuta. Nilimwuliza fundi sababu.

"La kwake halina ndege," akanijibu.

Alinifundisha mengine pia. Kamera iliyolala kwenye baridi usiipeleke jikoni kwenye moto, itatokwa jasho ndani na huwezi kuifuta. Lenzi ipanguse kwa kipande cha kanga iliyofuliwa mpaka ikachoka, kamwe si kwa mkono wa koti. Na lile alilolirudia hadi nikaliota: ukifika mahali pa kupigia picha, geuka kwanza uangalie ulikotoka. Picha nzuri iko mbele yako, lakini matata huja kwa njia uliyojia.

Halafu ikaja miaka ya ruksa. Kabla yake mkanda wa picha tuliutafuta kama dawa, tukiubembeleza kwa watu wa mpakani, na kila picha ilipigwa kwa sala. Ghafla maduka yakajaa. Mitumba ikamwagwa chini sokoni, vijana wakaacha shamba wakaenda mpakani Kasumulu kuchukua betri, sabuni na vitenge. Hata wateja wakabadilika. Zamani mtu alikuwa anasema, "Nipige picha." Sasa anasema, "Nipige picha, lakini si hapa."

Hivyo ndivyo alivyosema Gwakisa, siku ya soko, akiwa amesimama mlangoni kwangu kama mtu anayedaiwa. Alikuwa kijana wa Nkunga, mchuuzi wa mpakani, mwepesi wa mdomo. Siku hiyo mdomo ulikuwa mzito. Nyuma yake alisimama msichana mrefu mwenye harufu ya majani makavu ya chai. Huyo ndiye Eliza, mtu wa Makete, mfungaji wa pakiti kiwandani.

"Fundi, tunaoana Jumamosi," Gwakisa akasema. "Kimya kimya. Mwinjilisti amekubali. Tunataka mahali."

"Kanisa lina nini?"

"Kanisa lina baba yangu."

Nikaelewa. Baba yake, Mzee Ambakisye, alikuwa mzee wa kanisa, na kanisani kwao tangazo la ndoa lisingesomwa bila yeye kutikisa kichwa. Na alikuwa amekataa mbele ya watu. Hakumkataa Eliza kwa umaskini wala kwa tabia. Alisema, "Msichana wa Makete hajui kumwogopa mkwe. Atanikazia macho mlangoni kwangu kama karani wa mizani."

Nyinyi wa siku hizi mtacheka, wengi mmeshaacha. Lakini kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, hatamki jina lake, na wakikutana njiani yeye huacha njia akageuza mgongo, na mzee naye hugeuza wake, mpaka mmoja apite. Kinyakyusa kina neno moja la kumwogopa simba na la kumkwepa mkwe, basi wazee wetu wakiongea Kiswahili hulibeba hivyohivyo: wanasema mkamwana "anamwogopa" mkwe. Ni heshima, si hofu. Mgeni hawezi kujua.

Kubwa zaidi, mzee alikuwa ameapa: "Nikiwakuta pamoja, nitatamka." Neno la mzazi likitoka na pumzi ya hasira, huku watu hulihesabia kila kitu. Mimba ikichelewa, ni lile. Mtoto akiharisha, ni lile. Mwinjilisti aliniambia yeye haamini mambo hayo hata kidogo, kisha akaniomba nichague mahali mbali na Nkunga.

"Kwani lazima picha?" nikawauliza. "Oaneni, mtapigwa picha mambo yakitulia."

Eliza akazungumza kwa mara ya kwanza. "Fundi, mama yangu yuko Makete, hataweza kuja. Akisikia nimeolewa kwa kujificha atasema nimeibwa. Nataka aione picha aseme mwanangu aliolewa mahali pazuri. Mtu aliyeibwa hapelekwi mahali pazuri."

Akaliangalia pazia langu. "Na hili hapana. Hata mama anajua huku hakuna minazi."

Tukaanza kupatana. Alitaka picha za rangi ili ziwa lionekane kijani. Nikamwambia mkanda wa rangi unasafiri hadi Mbeya kusafishwa, unapita mikono ya watu wenye midomo. Nyeusi na nyeupe inalala kwangu, kwenye chumba changu cha giza. Mama ataambiwa kijani kwa barua. Akakubali. Gwakisa akaomba punguzo. Nikamwambia anayetorosha msichana haombi punguzo, anaomba mwendo.

Kupata mahali ndiko kulikonisumbua. Mahali pa picha ya kawaida panataka mwanga na nafasi. Hapa palitakiwa pazuri lakini pasiwe na watu, pafikike kwa miguu lakini pasifikike kirahisi, na mwanga uje mapema, maana mchana Gwakisa alitakiwa awe amempandisha mkewe gari la kwenda Kyela. Daraja la Mungu nikalikataa, pana watu wa kupita na kila mmoja ana shangazi Nkunga. Maporomoko ya Kaporogwe yanarusha maji, lenzi ingelia kuliko bibi harusi. Ziwa Ngosi ni kupanda msituni muda mrefu, na ukifika juu ukungu unakufungia mlango. Masoko pazuri, lakini Gwakisa alikuwa na mjomba pale mwenye kazi moja tu, kukaa nje.

Nikabaki na Kisiba. Nilikwenda peke yangu kupakagua. Ziwa limekaa ndani ya shimo la mlima kama chai ndani ya kikombe, kingo zimejaa miti, maji hayana haraka. Upande niliouchagua palikuwa na njia moja ya miguu iliyopita ubavuni mwa mteremko, mkono mmoja ukuta wa udongo, mkono mwingine ziwa. Chini yake kidogo palikuwa na jukwaa la nyasi la kutosha watu watano. Nikageuka kama nilivyofundishwa, nikaangalia nilikotoka. Ukisimama pale jukwaani unaiona njia yote. Yeyote anayekuja utamwona kabla hajakuona.

Ubaya wake ni kwamba ukimwona huna pa kwenda. Nililipima hilo, nikalipima tena, nikasema afadhali kuona.

Jumamosi tuliondoka Tukuyu alfajiri: mimi na kamera na stendi ya miguu mitatu, mwinjilisti na mkewe, Gwakisa na Eliza. Eliza alikuwa pekupeku, viatu vyeupe vya mitumba amevifunga kwenye kapu visichafuke kwa tope. Kulipopambazuka ndipo nikamwona Gwakisa vizuri. Alikuwa amevaa koti jeusi zito, mabega yamemzidi.

"Koti la nani hilo?"

"La baba. Yuko shambani leo, hatajua."

Nikasimama. "Gwakisa. Koti la mzee wa kanisa linatoka sandukuni lini?"

"Harusi au msiba."

"Na msiba angeambiwa. Akikuta sanduku tupu, atajua ni harusi."

Mwinjilisti akajikohoza akasema tuongeze mwendo. Tukaongeza. Kuanzia hapo, kila gari lililonguruma nyuma yetu tuliingia migombani kama wezi wa mikungu.

Tulifika ziwa halipo. Ukungu ulikuwa umekijaza kikombe kizima, ukichungulia ukingoni unaona pamba tupu. Tukateremka kwa kushikana mpaka jukwaani. Mwinjilisti akafungua Biblia.

"Tuanze."

"Anza wewe na maneno," nikamwambia. "Picha inasubiri ziwa."

"Fundi, piga hivyohivyo!" Gwakisa akanong'ona.

"Nipige ukungu? Makete hawana wa kwao?"

Eliza akanyoosha mkono kumzuia mumewe mtarajiwa. "Tungoje," akasema. "Bila ziwa nimeibwa."

Basi tukangoja. Mwinjilisti akasoma sura ndefu kuliko ilivyohitajika. Nilipangusa lenzi kwa kanga, ikalowa, nikapangusa. Juu barabarani tulisikia pikapu ya ndizi ikisimama, mlango ukifungwa, kisha ikaondoka. Gwakisa akanitazama. Nikajifanya nashughulika na stendi.

Ukungu ukaanza kuchanika kwa chini. Maji yakatokea kipande, kisha kipande kingine. "Viatu!" nikasema. "Haraka, huu mwanga hautakaa." Kapu tulikuwa tumeliacha juu njiani, kwenye ukuta wa udongo. Kabla mtu hajasogea, Eliza akakunja gauni akapanda mwenyewe. Nikaielekeza lenzi upande wa juu, nimpime urefu wa kivuli wakati anarudi. Alivitoa viatu, akavishika mkononi, akainua kichwa.

Ukungu ukafunguka wote kwa mara moja, kama mtu amevuta pazia. Na kwenye njia, hatua chache mbele yake, alikuwa Mzee Ambakisye. Mabuti ya mvua, fimbo mkononi, mdomo tayari umefunguka.

Gwakisa alitaka kukimbia kwenda juu. Mwinjilisti akalikamata koti, nikasikia kwapa likichanika. "Usiende," akamwambia. "Ukienda atatamka."

Eliza aliiona fimbo. Akaruka kutoka njiani, akajikunyata kwenye ukuta wa udongo, uso ndani ya majani, mgongo nje, kitenge kichwani. Kiatu kimoja kikamponyoka, kikabingirika mpaka pembeni yetu, kikaingia ziwani bila hata kutuaga.

Na mzee, vijana wangu, mzee akafumba mdomo. Akageuka. Hakufikiri, mwili wenyewe ulimgeuza, kama mwili wa mtu unavyokwepa tawi. Alimpa Eliza mgongo, akatutazama sisi na ziwa, fimbo kifuani. Wakabaki hivyo, mgongo kwa mgongo, yeye na msichana asiyemtaka. Kidole changu nacho kikafanya kazi yake bila kuniuliza. Nikasikia kamera ikilia *kacha*, na kimya cha ziwa kikaufanya mlio ule kuwa mkubwa kama bunduki.

Mwinjilisti ndiye aliyepata akili kwanza.

"Mzee Ambakisye," akaita kwa upole, "hapo umemkwepa nani?"

"Nimeteleza."

"Umeteleza ukageuka?"

"Njia ina tope."

"Ndiyo, ina tope. Lakini mzee hamgeuzii mgongo msichana wa kiwanda cha chai. Msichana wa kiwanda anapishwa tu, anasalimiwa. Anayegeuziwa mgongo ni mkamwana."

Yale maneno mzee aliyotoka nayo Nkunga yalikuwa bado mdomoni mwake, na sote tulikuwa tunautazama mdomo. Hatimaye akasema, bila kugeuka, akielekeza fimbo kwa mke wa mwinjilisti:

"Mama, mwulize huyo. Kwa nini amejificha?"

Mke wa mwinjilisti akapanda, akainama kwenye kitenge, akauliza. Sauti ya Eliza ilitoka majani-majani, inatetemeka.

"Nimeogopa."

"Anasema nini?"

"Anasema ameogopa, Mzee."

Mimi nilijua alichomaanisha. Aliogopa fimbo. Aliogopa kupigwa. Kule kwao Makete, neno hilo lina maana moja tu na linatosha. Gwakisa naye alijua, nilimwona akifungua mdomo aeleze, nikamkanyaga mguu. Maana mzee alikuwa amelisikia kwa masikio ya Nkunga. Alirudia taratibu, kama mtu anayeonja chumvi.

"Ameogopa." Kisha akamwuliza mwanawe. "Nani alimfundisha?"

"Hakuna, baba." Na hilo halikuwa uongo.

Mzee akalitazama kwapa lililochanika. Kisha akasema, "Hilo koti mlirudishe limeshonwa." Akatembea kurudi alikotoka kwa upande, kama kaa, uso ziwani, asije akamwona mkamwana wake. Aliyemwonyesha njia ya Kisiba hatukumjua kamwe.

Mwinjilisti alimaliza ndoa kwa maneno machache mno. Nikapiga picha tuliyoijia: bwana na bibi, ziwa zima nyuma yao, kwapa la koti limefichwa kwa mkono, bibi pekupeku. Barua ilitoka Makete baada ya muda. Mama yake aliandika: "Mahali ni pazuri sana. Mbona hana viatu?"

Jogoo wa pili ndiye huyo wa kunyamazisha. Gwakisa aliniletea yeye mwenyewe, akasema, "Fundi, ile picha nyingine, ya baba na Eliza, usiisafishe." Sikuisafisha kwenye karatasi. Negativu niliikata nikaiweka ndani ya kopo la chai, na jogoo nikamla. Eliza alikuja kuelezwa mila na mke wa mwinjilisti, akajua neno lake lilimnunulia nini. Tangu hapo akaliishi. Miaka yote aliyokaa kwenye mji wa mzee pale Nkunga alimpikia, alimpelekea maji ya moto hadi kwenye kona ya nyumba akayaacha hapo, alimsikia akikohoa na kuomba na kutania wajukuu. Uso wake hakuutazama. Wenzake walishaacha mambo hayo, wanakaa na wakwe zao meza moja. Yeye hapana. Alisema aliingia kwa mlango huo na hatatoka kwa dirisha.

Mzee amefariki mwezi huu. Hakuwahi kupenda kupigwa picha, na watoto wanataka kumjengea kaburi lenye picha kwenye saruji, kama ilivyo siku hizi. Gwakisa akakumbuka kopo langu. Amekuja na kaka zake, wamekaa kwenye benchi langu, wakasema, "Fundi, toa uso wa baba, mkate huyo wa nyuma." Kazi rahisi. Mgongo wa Eliza uko pembeni, mkasi mmoja unatosha.

Jioni yake akaja Eliza peke yake. Nywele zimekuwa nyeupe, harufu ya chai haijamtoka.

"Fundi, nasikia unao uso wa baba."

"Ninao."

"Siku ile alikuwa na hasira?"

Nilikuwa nimeiinua negativu dirishani asubuhi ile, nikaitazama mara mbili kama kawaida yangu. Macho yametoka, midomo imebanwa, vidole vimeishika fimbo kama mtoto aliyeshika nguzo ya kitanda. Hakuna hasira mle. Mzee alikuwa ameogopa, kwa maana zote mbili za neno.

"Nataka kumwona," akasema. "Na usinikate. Mimi ni mtu wa ile picha. Wakinikata mimi, atakuwa anamkwepa nani?"

Wanaume wa ule mji wanasema mkamwana hatazami uso wa mkwe hata kwenye karatasi, hata akiwa kaburini, na kwamba picha yenye wote wawili ikiwekwa hadharani ni aibu kwa marehemu. Yeye anasema migongo ile miwili ndiyo cheti chake cha ndoa. Kaburi linasubiri, fundi wa saruji ameshachanganya mchanga, na mimi nina negativu moja na wateja wa pande mbili. Nimepatana maisha yangu yote, na hapa sioni pa kushusha wala pa kupandisha. Nyinyi mko kazini bado, mna mashine, mna macho. Niambieni kabla saruji haijakauka: nimkate, au nisimkate?